Mwezi unaongoja shayiri

Kiswahili kina neno moja kwa mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, na Kihaya, lugha ya Kagera, nacho husema omwezi kwa vyote viwili. Kiebrania kiko jirani kabisa: yareah ni mwezi unaong'aa, yerah ni siku zake zikishahesabiwa. Jina jingine la mwezi wa kalenda, hodeshi, linatokana na neno lenye maana ya upya, kwa kuwa hesabu huanza pale uzi mwembamba wa nuru unaporudi upande wa magharibi baada ya giza. Siku hiyo Wayahudi huiita Rosh Hodeshi, kichwa cha mwezi, na Biblia ya Kiswahili huitaja kwa jina la mwandamo wa mwezi, ikiiweka pamoja na sabato na sikukuu. Katika falme za Bahaya nako, iwe Kiziba, Kianja au Ihangiro iliyo leo ndani ya wilaya ya Muleba, kuandama kwa mwezi kulikuwa na ibada na ngoma zake kwenye ikulu ya Omukama, yaani mfalme. Mataifa mengi yalianzia hapo hapo. Upekee wa kalenda ya Kiyahudi uko katika hatua iliyofuata: iliukabidhi mwezi hesabu ya siku, kisha ikauzuia usiyaache majira ya shamba.

Siku yenyewe huanza jua linapozama. Jambo hili halimpi tabu msomaji wa Kiswahili, maana saa zake mwenyewe zimejengwa hivyo: saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya machweo, na kwa desturi ya zamani ya pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ndivyo Sabato inavyoingia Ijumaa jioni kwa mishumaa, kikombe cha divai na mikate miwili, ukumbusho wa mana iliyookotwa maradufu jangwani siku ya sita. Hutoka Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana, kwa mshumaa wa kusokotwa na viungo vya kunusa, ili harufu njema iwasindikize watu kurudi kazini. Kule London machweo ya Desemba hutangulia saa kumi jioni, na ya Juni huvuka saa tatu usiku, hivyo familia hupanga upya Ijumaa yake kila msimu. Bukoba, iliyo digrii moja na ushee kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haupishani hata dakika 10 mwaka mzima, na jua huzama karibu saa moja. Wasabato wa Kagera, ambao ni Wakristo, wanaifahamu vyema saa hiyo.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo mwezi huchukua, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa hiyo miezi ya kalenda huwa ya siku 29 au 30, na miezi kumi na miwili hutimiza siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu huuacha mwezi uende mwendo wake, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote na kurudi ilikoanzia baada ya miaka 33 hivi. Kijana wa Bukoba aliyefunga kwa mara ya kwanza wakati wa kiangazi ataifunga Ramadhani ya masika, ya vuli, na ya kiangazi tena kabla hajazeeka.

Torati haikuruhusu hivyo. Iliagiza Pasaka iadhimishwe katika mwezi wa Abibu, na abibu ni masuke ya shayiri yanayokaribia kukomaa. Pasaka ikiachwa irudi nyuma siku 11 kila mwaka, baada ya miaka michache itaangukia majira ya baridi, shambani hakuna suke. Dawa yake ilikuwa kuongeza mwezi wa kumi na tatu pale upungufu unapokuwa mkubwa: mwezi wa Adari hurudiwa, na Nisani, mwezi wa Pasaka, unangojeshwa.

Zamani uamuzi huo ulitolewa kwa macho. Mashahidi waliouona mwezi mchanga walifika mbele ya baraza la wazee Yerusalemu, wakahojiwa mmoja mmoja, na ushahidi wao ukikubaliwa mioto iliwashwa kilima kwa kilima kuelekea Babeli. Nchi ya miinuko kama Kamachumu ingeifaa sana kazi ya namna hiyo. Mioto ya kupotosha ilipoanza kuwashwa, wakatumwa wajumbe, na jamii zilizokaa mbali mno zikaadhimisha siku mbili badala ya moja ili zisikosee. Kuhusu mwezi wa ziada, wazee hawakutazama shayiri na matunda peke yake. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inataja pia barabara na madaraja yaliyoharibika, kwa sababu mahujaji walikuwa njiani na mvua ilikuwa imeharibu njia. Mkulima wa Muleba anayesubiri tope likauke ili ndizi zifike sokoni anaielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Mateso yalipozidi na baraza kudhoofika, hesabu ilichukua nafasi ya macho. Mapokeo humtaja Hillel wa Pili, karibu mwaka 359, kuwa ndiye aliyeiweka kanuni wazi kwa wote: katika kila miaka 19, miaka 7 huwa na miezi kumi na mitatu. Mwaka wa Kiyahudi 5787, unaoanza machweo ya Ijumaa tarehe 11 Septemba 2026, ni mmojawapo. Matokeo yake yanaonekana waziwazi: usiku wa Pasaka wa mwaka 2026 ni tarehe 1 Aprili, na wa mwaka 2027 ni tarehe 21 Aprili.

Hapa ndipo Wakristo wa Bukoba wanapoingia katika habari hii, Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja. Pasaka yao nayo hufuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka makanisa yawe na hesabu yake yenyewe, yasiisubiri ile ya Wayahudi. Mara nyingi hesabu hizo mbili hukutana. Mwaka 2026 Pasaka ya Kikristo, tarehe 5 Aprili, iko ndani ya juma la Pasaka ya Kiyahudi. Mwaka 2027 zinapishana kwa zaidi ya majuma matatu, kwa kuwa Kanisa linaadhimisha tarehe 28 Machi wakati kalenda ya Kiyahudi bado inamalizia Adari wake wa pili.

Kalenda iliyofungwa kwenye shayiri imefungwa pia kwenye anga la nchi moja. Siku ya kwanza ya Pasaka Wayahudi huacha kuomba mvua, wakaomba umande, kwa kuwa katika nchi ya Israeli kiangazi kirefu kinaanza. Mwisho wa Sikukuu ya Vibanda, mwezi wa Septemba au Oktoba, sala ya mvua hurudi. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi unaoongoza. Wakati sala inaomba umande, ukanda huu wa ziwa unalowa usiku na mchana. Myahudi anayeishi Afrika Mashariki hasahihishi sala hiyo. Anaomba kwa ajili ya mashamba ya nchi ile, na huko ndiko kuikumbuka.

Mwaka hufunguliwa na Tishri, ingawa Torati huuhesabu kuwa mwezi wa saba kuanzia Nisani. Siku mbili za kwanza ni Rosh Hashana, kichwa cha mwaka, siku za pembe la kondoo dume. Desturi iliyoenea ni milio 100, ya aina tatu: mrefu ulionyooka, uliokatwa mara tatu kama kite, na uliokatwakatwa mara tisa kama kwikwi. Pembe halipigwi siku ya Sabato, hivyo Septemba 2026 litasubiri siku ya pili, Jumapili. Mezani kuna tufaa lililochovywa katika asali kuombea mwaka mtamu, komamanga lenye punje nyingi kama matendo mema, mkate wa duara kama mwaka unavyozunguka, na kwa baadhi kichwa cha samaki, ili mtu awe mbele asiwe nyuma. Samaki anayeruhusiwa ni mwenye mapezi na magamba. Katika soko la Bukoba sato na sangara wanafaa, kambare hafai.

Siku ya kumi ya mwezi huo inakuja Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho. Mfungo wake huanza kabla ya machweo na kuisha usiku wa pili, saa 25 hivi bila chakula wala tone la maji. Watu huvaa nyeupe, huacha viatu vya ngozi, na alasiri husoma kitabu cha Yona. Upatanisho huo ni kati ya mtu na Mungu. Aliyemkosea jirani hana budi kwenda kwa jirani kwanza, na sharti hili ndilo linaloipa siku uzito wake wote.

Tarehe 15, mwezi ukiwa mpevu, Vibanda huanza. Kwa siku saba familia hula, na wengine hulala, ndani ya kibanda kilichojengwa nje ya nyumba, kukumbuka makao ya jangwani. Sheria ya paa lake ingemfurahisha fundi wa msonge: liwe la mimea iliyokatwa kutoka ardhini, litoe kivuli kuliko linavyopitisha jua, lakini nyota zionekane. Nyasi za msonge hufumwa kuzuia mvua, kwa hiyo zingekuwa nzito mno, ilhali majani ya mgomba yaliyotandikwa kwa nafasi yanatimiza kila sharti. Mgomba wenyewe una hadhi ya pekee katika sheria hiyo. Ndizi huliwa kwa baraka ya zao la ardhi, si ya tunda la mti, kwa kuwa shina lililozaa halizai tena. Mkulima wa Kihaya, anayekata shina na kubakiza machipukizi katika kibanja chake, amelijua hilo maisha yake yote. Katika siku hizo hushikwa pia mimea minne: etrogi, tunda la jamii ya ndimu lenye harufu kali, pamoja na kuti changa la mtende, mihadasi na mierebi ya vijitoni. Sikukuu hufungwa kwa kumaliza kusoma Torati na kuianza upya siku hiyo hiyo, watu wakicheza na magombo mikononi.

Heshvani hauna sikukuu. Kisleu, kati ya Novemba na Desemba, unaleta Hanuka tarehe 25, usiku nane unaokutana na giza la mwisho wa mwezi, taa moja ikiongezwa kila usiku. Inakumbuka kutakaswa kwa hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo baada ya ushindi wa Wamakabayo, na mafuta ya siku moja ambayo mapokeo yanasema yaliwaka siku nane. Ndiyo maana vyakula vyake hukaangwa. Msomaji wa Injili ya Yohana huikuta kwa jina la Sikukuu ya Kutabaruku. Katika majuma hayo Kagera iko kwenye msimu wa senene, na inafaa kutaja kwamba kitabu cha Walawi, sura ya 11, huruhusu kula wadudu wa jamii ya panzi wenye miguu ya kurukia. Marabi wengi baadaye walikataza kwa kuwa aina zenyewe hazikutambulikana tena, isipokuwa Wayahudi wa Yemeni, waliohifadhi desturi ya kula nzige wanaowajua tangu kwa mababu zao.

Tarehe 15 Shebati ni mwaka mpya wa miti. Kisha Adari huleta Purimu, siku ya Malkia Esta. Kitabu chake husomwa chote, watoto wakipiga kelele kila jina la adui Hamani linapotajwa, na kila nyumba hupeleka vyakula kwa rafiki na sadaka kwa maskini. Mwaka wenye miezi miwili ya Adari, Purimu husubiri wa pili ili ikae karibu na Pasaka.

Pasaka ndiyo sababu ya kalenda yote kuwa ilivyo. Majuma kabla ya tarehe 15 Nisani nyumba husafishwa hadi mifuko ya nguo, kutafuta punje ya chachu. Kinachokatazwa ni nafaka tano, ngano na shayiri na ndugu zake watatu, zikishakutana na maji na kuumuka. Matza, mkate wa Pasaka, ni unga na maji tu, na kuanzia maji yanapogusa unga hadi kuokwa hazipiti dakika 18. Mtu wa Bukoba atauliza mara moja kuhusu chakula chake. Ndizi haziumuki kwa maana hiyo ya sheria, zinaruhusiwa bila mjadala. Maharage yana historia. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki na Kati kwa karne nyingi walijizuia nayo wakati wa Pasaka pamoja na mchele na mahindi, wakihofia kuyachanganya na nafaka zile tano, ilhali wenzao wenye asili ya Hispania waliyala. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Kihafidhina iliyaruhusu. Sufuria ya ndizi na maharage, chakula cha kila siku Muleba, inaweza basi kukaa kwenye meza ya Pasaka ya Wahafidhina wanaoifuata ruhusa hiyo.

Meza hiyo ni somo linaloliwa. Mboga chungu ni utumwa wa Misri. Mchanganyiko wa matunda, lozi na divai wenye rangi ya udongo ni tope la matofali. Maji ya chumvi ni machozi. Mfupa uliochomwa ni mwanakondoo wa dhabihu. Vikombe vinne hunywewa kwa ahadi nne za ukombozi, na hadithi haianzi mpaka mtoto mdogo kuliko wote aulize kwa nini usiku huu ni tofauti. Kila kizazi kinatakiwa kujiona kana kwamba chenyewe kimetoka Misri.

Katika eneo la Maziwa Makuu, iko jamii inayoweza kutamka hivyo kwa kumbukumbu ya karibu. Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, kaskazini tu ya mpaka wa leo wa Kagera, akawa jemadari wa Buganda na mshirika wa Waingereza katika kuiteka Uganda ya mashariki. Alipokosa ufalme aliotarajia kupewa, alijitenga karibu na Mbale. Akajiunga na Wamalaki, dhehebu la Kikristo lililoshika Sabato ya Jumamosi, na kadiri alivyosoma Agano la Kale alizidi kuona kwamba maagizo yake hayajafutwa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Walikuwa na Torati, hawakuwa na kalenda. Karibu mwaka 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosef alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha tarehe za sikukuu na sheria za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda. Alifariki mwaka 1928.

Idi Amin alipotawala, imani hiyo ilipigwa marufuku. Sinagogi zilifungwa, na jamii iliyokadiriwa kuwa na watu 3,000 ilibaki na karibu 300 walioendelea kusali kwa siri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na siku chache baadaye akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. JWTZ, jeshi la Tanzania, ilivuka mto, ikapita Mutukula na Masaka pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Jioni ya siku hiyo hiyo, jua lilipozama, ilikuwa tarehe 15 Nisani 5739, usiku wa Pasaka. Mwezi ulikuwa mpevu, kama kalenda inavyotaka uwe. Uhuru wa kuabudu ulirudishwa, na tangu hapo Abayudaya husimulia kutoka kwao pamoja na kutoka Misri. Mkoa wa Kagera, uliolipia vita hiyo kwa maisha, mifugo na nyumba, una nafasi katika simulizi ya meza hiyo.

Jamii ilijengwa upya na vijana wa miaka ya 1980 kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu kuwa rabi mwaka 2008 huko Los Angeles, na mwaka 2016 sinagogi kubwa ya matofali ilifunguliwa. Mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kahawa yao ya arabika huvunwa na watu wenye siku tatu tofauti za ibada katika juma.

Tukirudi kwenye kalenda, usiku wa pili wa Pasaka huanza hesabu ya siku 49, moja moja kwa sauti kila jioni, kutoka shayiri hadi ngano. Siku ya 50, tarehe 6 Sivani, ni Sikukuu ya Majuma: Torati ilitolewa Sinai, watu hukesha wakisoma, hula vyakula vya maziwa na kusoma kitabu cha Ruthu, mwanamke wa kigeni aliyeokota masazo shambani. Pentekoste ya Wakristo imetoka hapo. Baada yake kiangazi hupita bila sikukuu kubwa, na tarehe 9 Avi ni siku ya kuomboleza mahekalu mawili, la kwanza lililobomolewa na Wababeli katika karne ya sita kabla ya Kristo na la pili na Warumi mwaka 70. Watu huketi sakafuni, taa zimepunguzwa, wakisoma Maombolezo.

Eluli ni mwezi wa mwisho. Pembe hupigwa kila asubuhi isipokuwa Sabato, kuwaamsha watu wajitazame kabla ya hukumu ya Rosh Hashana, na siku ya mwisho ya mwezi hunyamaza. Sabato inayotangulia kila mwandamo hutangazwa sinagogini siku ambayo mwezi mpya utaingia, na baraka husemwa juu yake. Mwandamo wa Tishri peke yake hautangazwi.